Mzee hataki kutolewa mafuta ya jicho, nifanyeje?

Nyar Dunga, Kisumu:
Hamjambo wanajukwaa. Retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ya jicho la kulia la baba ilibanduka. Upasuaji wa kwanza ulishika kwa muda, kisha makovu yakaivuta ikabanduka tena. Mara ya pili alijazwa jichoni mafuta ya silikoni ya kuishikilia, tukaambiwa yatatolewa baada ya miezi mitatu hadi sita. Huu ni wa tano. Haumwi, anaona watu wakipita, na anasema jicho limetulia, tunalichokoza la nini? Lakini jana nikimtia matone niliinua kope, nikaona juu kabisa, kwenye weusi wa jicho, utepe mweupe kama povu. Nimeogopa.

Omosh Kondele:
Mwacheni mzee. Jirani yetu anaishi na hayo mafuta miaka na miaka.

Muuguzi wa Macho, Nakuru:
Pole sana dadangu. Utepe huo usingoje kliniki ijayo, mpeleke kesho. Silikoni ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo huelea. Ikianza kuvunjika kuwa vitone vidogo, vitone hivyo hupenya mbele ya jicho na kukusanyika juu. Vinaweza kuziba njia ya kutokea maji ya jicho, presha ya ndani ya jicho ipande na kuharibu mshipa wa kuona bila maumivu yoyote. Presha hupimwa kliniki yoyote ya macho. Hospitali ya macho ya Sabatia kule Vihiga haiko mbali nanyi. Beba karatasi za upasuaji.

Omosh, gesi ambayo wengine hujazwa jichoni badala ya mafuta ndiyo huisha yenyewe, mafuta hayaishi. Ni kweli wapo wanaoachiwa, hasa retina isipoaminika au jicho likiwa ndilo pekee linaloona, lakini huamua daktari, naye huendelea kuwapima.

Mwalimu wa Njoro:
Mimi nimetolewa yangu. Sitakuficha, dada: kuyatoa nako kuna hatari ya retina kubanduka tena, na daktari alinieleza hilo kabla sijatia sahihi. Mwulize waziwazi retina ya mzee imeshika kiasi gani, na kama ana mtoto wa jicho atatolewa siku hiyohiyo. Miwani msinunue sasa, kwa sababu nambari hubadilika mafuta yakitoka.

Halafu zungumza naye polepole. Nadhani mzee hamkatai daktari, anakataa kulala kifudifudi tena baada ya upasuaji. Mateso yale nayajua, shingo inakufa ganzi na chakula hakipiti. Baada ya kutolewa mafuta mimi sikulazwa hivyo. Muulizie daktari wake.

Nyar Dunga:
Mwalimu, umegonga penyewe. Nimemsomea, amekubali kwenda kupimwa presha. Anauliza kama atafunga kula.

Muuguzi wa Macho, Nakuru:
Hapana, ale na ameze dawa zake kama kawaida. Chupa zote za matone mzibebe daktari azione, maana mengine yenyewe hupandisha presha. Asiyaache kabla ya kuambiwa.