Trei ya mchanga haitoi kona za mto, inatoa vijito vingi. Tatizo liko wapi?

MwalimuJio:
Wakuu, naandaa onyesho la darasani: mto unavyojipinda hadi ukaacha nyuma ziwa lenye umbo la hilali. Trei ina urefu wa mita 2, nimejaza mchanga wa ujenzi uliochekechwa na kuinua kichwa chake sentimita 10. Maji yanaanza vizuri, lakini baada ya dakika chache mfereji unapanuka, kina kinapungua, unagawanyika vijito vitatu vinne. Hakuna kona inayodumu. Kitabu kinasema mto hupinda kwa sababu ya kikwazo. Nimeweka jiwe, wapi!

MkondoMkuu:
Anza na mteremko. Sentimita 10 kwa mita 2 ni asilimia 5, huo ni wa kijito cha mlimani. Shusha hadi sentimita 2 au 3.

Ila mchanga mtupu utakusumbua hata hapo. Kona hudumu pale ukingo wa nje unapobomoka taratibu, kwa mwendo ambao ukingo wa ndani unaweza kuufuata kwa kujengeka. Mchanga hauna cha kuushika: ukingo unaporomoka, mto unatanuka, maji yanaishiwa nguvu na kutua mzigo wake wa mchanga katikati. Fungu likishaota katikati, maji yanalipita pande zote mbili, na ndivyo unavyopata vijito vyako. Mwaka 2009 watafiti wa Berkeley, California, walifanikiwa kupata mto wa maabara unaojipinda na kujikata wenyewe baada ya kuotesha alfalfa, mmea wa malisho, ishike kingo, na kuongeza chembe nyepesi za plastiki zizibe vijito vya mkato kwenye ukingo wa ndani.

Kwako udongo wa mfinyanzi utatosha: sehemu 1 kwa 5 za mchanga laini, loanisha, shindilia kidogo. Ukizidisha, ukingo hautabomoka kabisa. Chonga mfereji wa upana wa sentimita 4 na uingize maji kimshazari, digrii 30 hivi. Mpindo mzima, kona ya kulia na ya kushoto, kwa kawaida huwa na urefu wa mara 10 hadi 14 ya upana wa mto, kwa hiyo tegemea sentimita 40 hadi 56.

TopeNaMchanga:
Hilo la kikwazo ni nusu ya habari. Kikwazo kinaweza kuanzisha kona, lakini kinachoikuza ni mkondo wa chini. Kwenye kona maji husukumwa nje, kwa hiyo uso wake huinuka kidogo upande huo. Maji ya chini yamepunguzwa kasi na msuguano, hayana nguvu ya kupingana na shinikizo la yale yaliyoinuka, hivyo yanarudishwa ndani yakiburuta mchanga. Einstein alilieleza hili mwaka 1926 kwa majani ya chai: ukikoroga kikombe, majani hukusanyika katikati ya kitako. Darasani dondosha rangi moja juu ya maji na nyingine chini kabisa kwa bomba la sindano. Kina cha sentimita 1 hakitakuonyesha kitu, chimba kona moja ifike 3.

Wanafunzi wengi hudhani mchanga uliobomoka huvuka hadi ukingo wa pili wa kona ileile. Sehemu kubwa haivuki. Hutua mbele, kwenye ukingo wa ndani wa kona inayofuata, upande uleule. Pachika mchanga wa rangi kwenye ukingo wa nje mtaona.

MwalimuJio:
Asanteni sana. Na ziwa je? Nikikata shingo, yaani kipande chembamba cha ardhi kati ya ncha mbili za kona, kwa kisu, kona ya zamani inaendelea kupitisha maji.

MkondoMkuu:
Lazima ipitishe mwanzoni. Kama kona ina mzunguko wa sentimita 120 na shingo ni 5, maji yanashuka kimo kilekile kwa njia fupi mara 24, kwa hiyo mengi yatapita hapo. Yanayobaki kwenye kona yanapungua kasi, mzigo unatua kwanza kwenye midomo miwili. Bila mzigo hakuna cha kuziba, kwa hiyo nyunyiza mchanga laini sana kwenye ingizo la maji. Kisu weka kando: acha shingo ya sentimita 3, ongeza maji kama mafuriko, kisha punguza.

Angalia pia pembe. Mdomo wa kona unaoachana na mkondo mpya kwa pembe kubwa huzibika haraka na ziwa hubaki refu. Njia ya mkato ikiachana na kona kwa pembe ndogo, mchanga unaendelea kuingia na kona yote inajaa.

TopeNaMchanga:
Mfano wa kuwapa: mwaka 1877 mafuriko ya mto Missouri yalikata kona na kuacha ziwa la Carter Lake. Majimbo ya Iowa na Nebraska yakagombea ardhi hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo mwaka 1892 iliamua kuwa mto ukihama taratibu mpaka huhama nao, ukiruka ghafla mpaka hubaki kwenye njia ya zamani. Ndiyo maana mji wa Carter Lake ni wa Iowa, ingawa uko upande wa Nebraska.