Kuzunguka kando ya ziwa Kivu, mjini Goma, ukiwa kwenye kiti cha magurudumu: tupeane uzoefu

Mwana Himbi: Bandugu, kila Jumapili watu wanashuka kutembea upande wa ziwa, lakini mwenye kiti anaishia pale lami inapoishia. Tuandike hapa gurudumu linapita wapi na linakwama wapi. Nafikiria kuanzia Rond-point Chukudu, kushuka Himbi, kufika Kituku, kisha kurudi kwa lami ya barabara ya Sake. Goma haina mto wa kufuata, mvua yote inazama kwenye mawe ya volkano. Tuna ziwa, nalo limejificha nyuma ya kuta za parseli, yaani viwanja vya watu.

Fundi wa Birere: Pimeni kwanza. Njia ikiwa chini ya sentimita 90 usiihesabu. Kiti kugeuka kinataka uwazi wa sentimita 150 kwa 150, na viti viwili vikipishana, 180. Trisikili za mkono, zile za Petite Barrière kwenye mpaka wa Rwanda, ziwekeni kando ya hesabu hii. Ni ndefu, haziwezi kugeuka kichochoroni, zinarudi kinyumenyume na mtu nyuma.

Halafu vizingiti. Kimo kizidishe mara 12, hapo umepata urefu wa mteremko. Kizingiti cha sentimita 15 kinataka sentimita 180. Watu wanatupia ubao wa sentimita 60, kiti kinapinduka nyuma, lawama anapewa msukumaji.

Yaya Furaha: Kweli tupu. Na ubao wenyewe haukufungwa, unakimbia.

Katindo Juu: Mmesahau kanivo, mifereji ya maji kando ya barabara. Kifuniko cha zege kikivunjika kona moja tu, kigurudumu cha mbele kinatumbukia na mtu anarushwa. Nafasi kati ya vifuniko isizidi milimita 13. Kama ni vyuma, vilazwe kukatiza njia. Vikilazwa kufuata njia, gurudumu linateremka katikati yake na halitoki. Na tazameni barabara inavyolala: ikiinama upande kuzidi sentimita 2 kwa kila mita, kiti kinavutwa kwenye kanivo muda wote na mkono mmoja unafanya kazi ya miwili.

Mutu wa Sheria: Haya si ya kuomba. Sheria ya haki za watu wenye ulemavu ipo, namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022.

Katindo Juu: Sheria haifuniki kanivo, mzee.

Chukudu Bila Breki: Mimi nasema mipira. Changarawe ya lava inakata kama wembe. Toa mpira wa hewa, weka mpira mzima usio na hewa, mambo yameisha.

Fundi wa Birere: Usidanganye watu. Mpira mzima ni mzito, na kila jiwe linapanda moja kwa moja hadi uti wa mgongo. Asiyesikia miguu na makalio atapata kidonda bila kujua. Baki na hewa. Chukua tairi kuukuu la kinga (baiskeli), kata kingo zake mbili zenye waya, ule ukanda ulaze kati ya mpira wa ndani na tairi. Ncha zake zinoe ziwe nyembamba, la sivyo zenyewe zitatoboa. Hewa ijae vizuri: mpira laini unabanwa kati ya jiwe na ringi, unatoka matundu mawili yanayotazamana.

Chukudu Bila Breki: Ukanda wako unaongeza uzito vilevile.

Fundi wa Birere: Gramu chache, ndugu. Leta mizani.

Yaya Furaha: Kwenye changarawe nzito msisukume mbele. Geuza kiti, vuta kinyumenyume, vigurudumu vidogo vitafuata tu. Na aliyeketi ajiinue kwa mikono kila baada ya nusu saa, mto wa kukalia uwepo usiwepo.

Mama wa Keshero: Nimesoma hiyo ramani ya kupita Himbi hadi Kituku, nikasimama hapo. Mnazungumza sentimita, hakuna aliyetaja mazuku.

Mazuku ni kaboni dioksidi inayotoka ardhini kwenye nyufa. Ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa ya kawaida, haina rangi, haina harufu, inalala kwenye mabonde madogo. Ukuta wa mawe pande zote mbili unazuia upepo na kuifuga. Sasa fikirieni vimo. Aliyesimama anavuta hewa juu ya mita moja na nusu. Aliyeketi pua yake iko mita moja na kidogo. Msukumaji ni mzima, anapiga hadithi, kumbe aliye kitini ameanza kuumwa kichwa, anapumua haraka, anasinzia. Wanadhani ni uchovu. Wanasimama apumzike, palepale shimoni! Kisha mmoja anainama kumfungulia mkanda, naye ameingiza kichwa ndani. Ndivyo mazuku yanavyochukua wawili badala ya mmoja.

Usiiname. Shika vishikio, vuta kinyumenyume ulikotoka, panda hadi penye upepo, ndipo umhudumie. Alfajiri na usiku bila upepo ndiyo saa mbaya. Mkiona mijusi, wadudu au ndege wamekufa chini ya bonde, msiulize, geuzeni.

Kijana wa Virunga: Eeh, mama! Nitabaki lamini.

Chukudu Bila Breki: Mnaogopesha watu. Himbi watu wanaishi na watoto wao.

Mama wa Keshero: Wanaishi, na wanajua shimo lipi mtoto hachezi. Mgeni mwenye kiti atajuaje?

Kijana wa Virunga: Tubebe mshumaa? Ukizimika tunakimbia.

Mama wa Keshero: Mshumaa unaweza kuwaka mahali mtu ameshazirai. Ukizimika umekuonya, usipozimika haujakuambia kitu.

Yaya Furaha: Basi tangulizeni kuku 😂

Mwana Himbi: Aksanti mama. Basi safari ianze saa nne asubuhi, jua likishapanda, na kila bonde lenye kuta pande mbili tulizungukie juu.

Fimbo Nyeupe: Na sisi tusioona? Kuta za parseli tunazifuata vizuri kwa fimbo, ila ba-motari wanaegesha wakibana ukuta. Fimbo inapita chini ya pikipiki, usukani unakupiga tumboni. Pale ni heri kufuata ukingo wa lami, lakini kanivo iwe imefunikwa.

Katindo Juu: Ukingo wa lami ndipo chukudu, zile za mbao za magurudumu mawili, zinapopita na makaa. Baki ukutani.

Fimbo Nyeupe: Chukudu naisikia inakuja. Pikipiki iliyozimwa haisemi.

Mutu wa Sheria: Na kwenye miteremko, breki ya mkono ya kiti itumike?

Fundi wa Birere: Hapana! Ile ni ya kusimamia. Ukiivuta kiti kikikimbia, gurudumu moja linakamata kwanza na kiti kinajizungusha. Punguza kwa viganja kwenye ringi zote mbili kwa pamoja, na glavu ya ngozi, kwa sababu ringi inachoma. Ukiona mteremko ni mrefu, shuka kinyumenyume, msukumaji akiwa upande wa chini.