Je, tiba ya kairopraktiki inafaa kwa maumivu ya kiungo cha taya?

Mwanahamisi, Columbus, Ohio
Ndugu zangu, nawasalimu. Kwa miezi saba nimesumbuliwa na maumivu upande wa kulia, mbele kidogo ya sikio. Nikifungua kinywa husikika mlio, na asubuhi naamka taya limekaza kiasi kwamba kutafuna mkate ni kazi. Nilitibiwa sikio bila nafuu, kisha daktari wa meno akanieleza kwamba meno ni mazima ila nayasaga usingizini. Mfanyakazi mwenzangu, aliyepona kiuno kwa tabibu wa kairopraktiki, ananihimiza niende huko. Sielewi anayenyoosha uti wa mgongo anahusikaje na taya, na kwa kweli naogopa kuzungushwa shingo. Naomba ushauri wa aliyepitia njia hiyo.

Tabibu wa meno, Mombasa
Pole sana, dada. Baina ya taya la chini na fuvu kuna kisahani cha gegedu, na mlio husikika kisahani hicho kinapokuwa kimeteleza mbele kisha kikarudi mahali pake unapofungua kinywa. Mlio usio na maumivu hauhitaji tiba. Kwa wagonjwa wengi kinachouma hasa ni misuli, yaani ule mnene wa shavuni na ule wa panjani, ambayo hushirikiana na misuli ya shingo. Ndiyo maana anayekaza shingo kutwa nzima mara nyingi hukaza na taya bila kujua, na ndiyo maana tabibu wa mgongo naye huona wagonjwa wa taya.

Mwaka 2023 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha mwongozo kuhusu maumivu sugu ya aina hii. Miongoni mwa tiba zilizopendekezwa kwa mkazo ni mtaalamu kulichezesha taya taratibu kwa mikono, kukanda sehemu za misuli zilizokaza, mazoezi ya kunyoosha taya, na tiba ya kisaikolojia ya kubadili fikra na mazoea. Kazi hiyo ya mikono hufanywa kwenye taya lenyewe, na mfiziotherapia, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo, huiweza pia.

Jambo ninalokusihi ni kutokubali mapema tiba isiyoweza kurudishwa nyuma, kama vile kusagwa meno au kupasuliwa. Huko Marekani, katika miaka ya 1980, wagonjwa wengi waliwekewa visahani bandia vyenye Teflon, vikamomonyoka na kuharibu mfupa, na baadhi yao walibaki na maumivu makali kuliko yale waliyokwenda nayo.

Baraka, Nairobi
Mimi nilitibiwa na tabibu wa kairopraktiki kwa wiki sita. Kwanza alipima kinywa changu: sikuweza kupitisha vidole viwili vilivyopangwa wima, ilhali mtu mzima kwa kawaida hupitisha vitatu. Alivaa glovu, akaibonyeza misuli kutoka ndani ya shavu, jambo linalouma kwelikweli, kisha akanifundisha kulipumzisha taya kwa kuweka ncha ya ulimi nyuma ya meno ya juu, midomo ikiwa imefungwa na meno yasigusane. Zoezi hilo ndilo lililonisaidia zaidi, kwa sababu nililifanya kila siku, hata nikiwa kwenye matatu. Kabla yake nilimwendea mwingine aliyetaka nilipie vipindi thelathini hata kabla ya kuligusa taya langu, nikaondoka.

Tabibu wa meno, Mombasa
Ndugu Baraka ameeleza vizuri. Niongeze kwamba kuizungusha shingo kwa ghafla kunaweza, kwa nadra, kuchana mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo na kuleta kiharusi. Dada, una haki ya kukataa kitendo hicho na bado ukatibiwa taya. Kwa wasomaji wengine: aliyevuka miaka 50 akaanza kuumwa taya anapotafuna, pamoja na maumivu mapya ya kichwa au kutoona vizuri, aende hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa huenda ni uvimbe wa mishipa ya damu unaoweza kupofusha. Taya linalouma pamoja na kifua kubana ni dharura ya moyo.

Mwanahamisi, Columbus, Ohio
Nawashukuru kwa dhati. Nimepima kwa vidole, nami nimeishia viwili. Kesho nitapiga simu kwa tabibu wa kairopraktiki aliyemtibu mwenzangu na kumuuliza kama ataanza na taya au shingo. Akijibu shingo, nitamwomba daktari wangu anielekeze kwa mfiziotherapia.