Mjadala: Stika ya paking iwe ya nyumba, isiwe ya gari

Wadau, hili naomba tulijadili kwa upana maana najua si la jengo letu peke yake. Maghorofa mapya yanaota Dar kila kona, Kijitonyama, Mikocheni, Kinyerezi, na watu wakishahamia, ugomvi wa kwanza mkubwa hauji kwa sababu ya maji wala umeme. Unakuja kwa sababu ya pa kuweka gari.

Kwetu ni nyumba 48. Nafasi za magari zilizochorwa chini ni 38. Nyumba zenye gari ni 33, lakini magari yenyewe ni 51, kwa sababu kuna wenye mawili na wapo wenye matatu. Jumamosi iliyopita tulikaa kikao tangu saa kumi hadi adhana ya magharibi, na mezani yakabaki mapendekezo matatu. La kwanza: kampuni inayosimamia jengo iuze nafasi, anayetaka anunue yake apewe karatasi. La pili: tuache kama ilivyo, anayewahi ndiye anayepaki. La tatu: kila nyumba ipate stika moja ya kupaki, iwe ina gari au haina, na magari ya ziada yapigiwe kura ya bahati. Tutaamua mwisho wa mwezi. Mimi nipo na hilo la tatu, na nitasema kwa nini.

Kwanza niwaonyeshe hali ilivyo. Ukishuka chini mchana, wengi wakiwa kazini, utakuta ndoo za rangi za lita 20 zimejazwa zege, katikati limechomekwa bomba la chuma. Ya nafasi namba 14 imeandikwa USIPAKI kwa rangi nyekundu, na juu ya bomba pamefungwa kipande cha khanga kuukuu. Mwenyewe anaiweka kabla ya kutoka. Akirudi, anasimamisha gari njiani, injini inanguruma, anashuka na kuiburuza pembeni, anapanda tena, anaingia. Mara mbili kwa siku. Sakafu pale imechimbika mstari kabisa. Kwa muda mrefu nilimwona mwenye ndoo ile ni mbinafsi, mpaka usiku mmoja nilipomsaidia kuiburuza akanisimulia. Ni muuguzi, anatoka zamu saa nne usiku. Kabla hajawa na ndoo alikuta pamejaa, akapaki nje ya geti, asubuhi akakuta vioo vya pembeni vyote viwili vimeng'olewa. Akaniambia, "Kaka, mimi sipendi kubeba zege. Nipeni uhakika niitupe leo leo."

Hilo ndilo tatizo la "anayewahi". Anayefanya kazi mchana anapata, anayetoka zamu usiku anakosa, na anayekosa anatafuta ndoo. Halafu nafasi zikiisha, magari yanapangwa mstari wa pili. Maji yalipokatika siku tatu, boza lilifika getini likashindwa kupita. Dereva alipiga honi karibu nusu saa, mlinzi akapanda ngazi kugonga milango, mwenye gari lililoziba akawa kasafiri Dodoma na ufunguo. Boza likageuza. Tulinunua maji ya madumu kwa siku mbili, wenye watoto wachanga ndio walioumia zaidi. Kila nikipita pale huwa nafikiria gari la zimamoto.

Sasa wanaosema nafasi ziuzwe. Hoja yao ni kwamba mwenye shida ya kweli atalipia, na fedha zitasaidia kutengeneza lifti. Nimeisikiliza kwa makini, lakini nauliza: anayeuza anauza cha nani? Sheria ya umiliki wa sehemu za jengo ya mwaka 2008 ndiyo iliyomwezesha mtu wa ghorofa ya sita kuwa na hati yake mwenyewe, badala ya kubaki chini ya hati moja ya mwenye kiwanja. Na hati hiyo haiishii mlangoni kwako. Inabeba na hisa yako katika vitu vya pamoja: ngazi, lifti, paa, korido, uwanja. Kisichoonyeshwa kuwa ndani ya sehemu ya mtu ni cha wote. Kwa hiyo jambo la kwanza kabla ya kelele yoyote ni kuomba ramani iliyosajiliwa ya jengo na kuitazama. Kama nafasi imechorwa kuwa sehemu ya nyumba fulani, basi ni yake, tumwache. Kama haikuchorwa hivyo, ni yetu sote, na msimamizi wa jengo hana cha kuuza. Tulichonunua tulishakilipia tuliponunua nyumba.

Sisi ramani tumeipata baada ya barua tatu. Nafasi zote 38 zimo kwenye eneo la pamoja. Na bado watu wawili tayari wana risiti za "kununua" nafasi kutoka kwa mwendelezaji aliyejenga. Siwalaumu hao wawili, wao ndio waliodanganywa, na naona ni haki warudishiwe fedha zao kwanza kabla hatujawaambia waingie kwenye mgao. Nataka hilo liingie kwenye muhtasari wa kikao kwa maandishi.

Kuna jingine kuhusu kuuza. Mwenye magari matatu na fedha atanunua nafasi tatu. Vijana waliohamia mwaka huu, ambao gari wanalitarajia baada ya miaka miwili, watakuta zimekwisha kwa maisha yote. Kesho wakitaka kuuza nyumba yao, mnunuzi atauliza paking iko wapi, bei itashuka. Yaani thamani imetoka kwenye nyumba moja ikahamia nyingine, na aliyeihamisha si mmiliki wa yoyote kati ya hizo.

Nimekulia Upanga, kwenye nyumba ya Msajili wa Majumba, zile zilizotaifishwa mwaka 1971. Familia kumi na mbili, magari mawili, Peugeot 504 na Datsun, na uwanja wote uliobaki ulikuwa wetu watoto na kamba za nguo. Hakuna aliyefikiri kuandika kanuni kwa sababu hapakuwa na cha kugombea. Wengi wetu tunaonunua nyumba hizi mpya tumekuja na mazoea hayo hayo ya uwanja usio na mwenyewe. Ndiyo maana kanuni inatushtua, mtu anaona kama anapimiwa hewa.

Turudi kwenye stika. Nataka mtazame magari yenu wenyewe. Wengi tunaendesha IST, Vitz na mengineyo yaliyotumika Japani. Kwenye kioo cha nyuma cha baadhi ya magari hayo bado kuna kibandiko kidogo cha duara chenye maandishi ya Kijapani. Langu linacho, pembeni kushoto, kimefifia na kingo zimekatika kwa sababu dereva aliyenitolea gari bandarini alijaribu kukikwangua kwa wembe. Miaka yote nilidhani ni alama ya duka. Kumbe ni kibandiko cha paking. Kule, tangu sheria ya mwaka 1962, anayetaka kusajili gari anapaswa kuonyesha kuwa ana mahali pa kuliweka, polisi wanampa cheti, na siku hizi mahali hapo pawe ndani ya kilomita 2 kutoka anapoishi. Kibandiko chenyewe wamekiondoa mwaka 2025, ila cheti kinaendelea kudaiwa. Sisemi Tanzania tufanye hivyo kesho. Nasema gari ninaloendesha lilipata pa kulala kabla ya kupata namba, na mimi nimelileta kwenye jengo bila hata kumuuliza jirani.

Ndipo napata msimamo wangu. Stika ya nyumba inamfanya mtu ahesabu nafasi kabla ya kununua gari la pili. Stika ya gari inafanya kinyume: leta gari, dai stika. Kwa hesabu yetu, nyumba 33 zenye gari zinapata nafasi moja moja. Zinabaki 5. Mbili ziwe za wageni, tatu zipigiwe kura ya bahati na wenye gari la ziada, kwa mwaka mmoja, kwa malipo ya kila mwezi yanayoingia akaunti ya jengo. Magari 15 yatakosa. Ni kweli, yatakosa, na siwezi kuwapaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa. Hata sasa yanakosa, ila tofauti ni kwamba leo wanaokosa ni wanaotoka zamu usiku.

Mmoja kikaoni aliuliza, na ni swali zito: siku nyumba zote 48 zikiwa na gari itakuwaje? Hapo nafasi za gari la pili zinafutwa kwanza, ya wageni inabaki moja, na nyumba zinazokosa zinajulikana kwa kura ya kila Januari. Zinazokosa mwaka huu zinapunguziwa ada ya huduma, na mwaka unaofuata haziingii kwenye kura, zinapata moja kwa moja. Sijaona njia iliyo bora zaidi ya hiyo. Mwenye nayo aseme.

"Asiye na gari stika ya nini?" Mzee wetu wa ghorofa ya tatu, mwalimu mstaafu, hana gari wala hatanunua. Analipa ada ya huduma sawa na mimi, na ndani yake mna taa za chini, mlinzi na wa kupiga deki. Alisimama kikaoni akasema, "Wanangu, mimi sidai pa kupaki. Nadai mjue kwamba pale chini nami nimo." Mzee ana haki yake. Nafasi yake ikitumiwa na gari la pili la jirani, sehemu ya malipo impunguzie ada.

Kuhusu wapangaji, hapa najua nitagombana na baadhi ya wenye nyumba. Mwenye nyumba yuko Muscat au Mwanza, kapangisha, lakini stika kabaki nayo ili ndugu yake wa mtaa wa pili apaki kwetu. Hapana. Anayelala kwenye nyumba ndiye anayebandika stika, na mkataba wa pango useme hivyo. Akihama anairudisha ofisini pamoja na funguo.

Jambo la minyororo ya tairi limeleta joto sana. Ndugu yetu mmoja aliyeishi Uingereza anasema dawa ni kulifunga mnyororo tairi la gari la anayekosea, alipe hapo hapo ndipo afunguliwe, "ndivyo wenzetu wanavyofanya". Ndugu yangu, ilikuwa hivyo, si hivyo tena. Kule England na Wales, tangu Oktoba 2012, kufunga mnyororo gari la mtu kwenye ardhi binafsi bila idhini ya kisheria ni kosa la jinai. Scotland mahakama ilishalikataza tangu 1992. Sababu ilikuwa ni hii hii tunayoiogopa: walijitokeza watu wanaoishi kwa minyororo, wakavizia wagonjwa na akina mama waliosimama dakika tano kushusha mizigo. Mpe mlinzi wetu, ambaye mshahara wake tunaujua, mnyororo na kitabu cha risiti, uone kama atamfunga mwenye Prado. Adhabu iwe ya maandishi, iingie kwenye bili ya ada ya huduma ya nyumba husika, na ikatiwe rufaa kwa kamati.

Kaka mwingine alisema tunagombania kitu kisichostahili, kwamba mjini watu wapande mwendokasi. Nusu namuunga mkono. Nyumba za ghorofa za Magomeni Kota, zilizofunguliwa Machi 2022 kwa ajili ya kaya 644, ziko hatua chache kutoka Barabara ya Morogoro ambako mabasi ya mwendokasi yanapita tangu 2016. Nafasi moja ya gari ni karibu mita za mraba 12, chumba cha kulala kizima, na mahali pa namna hiyo ningeona ni bora kipande hicho kiwe cha watoto. Kwetu kituo cha daladala kiko mwendo wa dakika ishirini na tano, na njia haina taa. Muuguzi wetu saa nne usiku ataipitaje? Anayejenga mbali na usafiri na kuweka nafasi pungufu ya nyumba anapaswa kumwambia mnunuzi siku ya kwanza, kwa maandishi.

Na hayo magari 15? Yataenda mtaani, na majirani wa nyumba za chini wameshatupeleka kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa kwa kuziba milango yao. Nimependekeza tukodi pamoja kiwanja kitupu kilicho nyuma yetu, chenye ukuta, na wenye magari ya ziada walipie wao mlinzi wake.

Limebaki moja ambalo sijalipatia jibu: msiba. Mwezi wa pili tulifiwa hapa, magari ya ndugu yakajaza chini kote kwa siku tatu, hakuna aliyelalamika wala asingethubutu, lakini mgonjwa wa ghorofa ya tano alibebwa kwenye kiti hadi barabarani kwa sababu teksi haikuweza kuingia. Nafikiria kanuni iseme siku tatu stika hazihesabiwi, ila njia ya mbele ya lifti iachwe wazi muda wote na wanakamati wawili wasimamie. Wengine wanaona ni kuingilia msiba wa watu. Mwenye jengo lililokwisha andika kanuni ya namna hii aiweke hapa kabla ya mwisho wa mwezi, niende nayo kwenye kura.