Naomba ushauri: matairi ninunue Malindi au niyafuate Mombasa?

Assalamu alaykum ndugu zangu. Ninaishi hapa Malindi, na gari langu dogo linatumia matairi ya saizi 195/65R15, ambayo yote manne sasa hayafai tena, hasa kwa kuwa kila mwezi hunilazimu kwenda Lamu kwa njia ya Garsen hadi Mokowe, ambako huliacha gari bandarini juani na kuvuka kwa boti.

Duka moja la hapa mjini liliniuzia matairi mawili kwa jina la mapya. Nilipofika nyumbani (kosa langu, ningetazama mapema) nikaona ubavuni tarakimu 2317, yaani yalitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2017; leo mpira umepasuka nyufa ndogo ndogo ingawa kashata (meno ya tairi yanayoshika barabara) bado ipo. Muuzaji alikataa kuyarudisha.

Ndiyo maana ninafikiria kwenda Mombasa, mwendo wa kilomita 120 hivi, ambako maduka ni mengi na chaguo ni pana, ila nikijumlisha mafuta na siku nzima ya kazi sijui kama nafuu hiyo itabaki. Matairi ya mitumba sitaki kuyasikia, hata yakiwa bei ya kutupa.

Je, kwa aliyenunua karibuni, ni wapi muuzaji hukubali ukague tarehe kabla ya kulipa, hukupa risiti yenye dhamana, na hufanya balansi (kusawazisha uzito wa magurudumu) na alaimenti (kuyanyoosha yaelekee sawa) papo hapo?