Redio ya babu kutoka Ujerumani: kwa nini ni kubwa kama kabati?

Mjukuu wa Kibokoni
Wazee wangu, hamjambo. Nimerithi redio ya marehemu babu, aliyekuwa karani katika bandari ya Kilindini, iliyotengenezwa Ujerumani Magharibi katika miaka ya 1950. Ni sanduku zito la mbao iliyong'arishwa, lenye utepe wa dhahabu usoni, vitufe vyeupe kama vya piano, na jicho la kijani ambalo babu alinisimulia kuwa lilijifumba kila alipoipata barabara Sauti ya Mvita. Naomba kufahamishwa: Wajerumani waliotoka vitani miji yao ikiwa magofu walifikiaje kutengeneza redio ya fahari kiasi hiki, na herufi UKW kwenye kitufe kimoja zina maana gani?

Fundi Mstaafu, Majengo
Mwanangu, maswali yako mawili yana jawabu moja. UKW ni hiyo tunayoiita FM. Mwaka 1948 mataifa ya Ulaya yalikutana Copenhagen kugawana masafa, na Ujerumani, iliyokuwa chini ya majeshi yaliyoishinda, haikuwa na kauli kikaoni. Mgao ulipoanza kutumika Machi 1950, iliachiwa masafa ya kati (MW) machache na duni. Wahandisi wake hawakungoja siku hiyo, kwani Februari 1949 FM ilikuwa imeshaanza kurushwa kutoka Munich. Mawimbi hayo hayafiki mbali, hivyo ilibidi ijengwe mitambo mingi, lakini hubeba sauti nyembamba za fidla ambazo masafa ya kati huzimeza. Sauti safi ikadai spika nzuri, kisha spika mbili tatu, nyingine ubavuni, na spika hizo zahitaji sanduku pana ili besi isikike. Ukubwa wa redio ya babu yako umetoka hapo.

Mwalimu wa Tudor
Fundi amesema kweli, ila fahari hiyo haikuja mara moja. Mwaka 1946, wakati kuuza redio kamili kulihitaji kibali, Max Grundig wa mji wa Fürth aliuza vipande vya redio iitwayo Heinzelmann bila vali zake, yaani zile taa za kioo zinazokuza mawimbi, vikahesabiwa kuwa kitu cha kuchezea, na mnunuzi akajitafutia vali na kuiunga mwenyewe nyumbani. Sarafu mpya ya Juni 1948 ndiyo iliyorudisha bidhaa madukani. Baadaye yakaja makabati yenye redio na santuri pamoja, na televisheni, iliyoanza matangazo ya kila siku tarehe 25 Desemba 1952, ikaanza kuinyang'anya redio nafasi yake sebuleni. Si wote walioipenda dhahabu hiyo: mwaka 1956 kampuni ya Braun ilitoa SK 4, redio na santuri pamoja, kazi ya Hans Gugelot na Dieter Rams, nyeupe, isiyo na pambo, yenye kifuniko kinachoonyesha ndani, watu wakaiita jeneza la Schneewittchen, binti wa ngano aliyelazwa ndani ya kioo. Mimi naona ilikuwa nzuri kuliko zote.

Mjukuu wa Kibokoni
Ahsanteni sana. Je, naweza kuiwasha?

Fundi Mstaafu, Majengo
Usiichomeke kwanza. Kapasita za karatasi za zama hizo, yaani vipande vinavyohifadhi umeme kwa muda, huoza, na moja ikivujisha umeme huunguza vali na transfoma. Mpe fundi azibadilishe, kisha aitazame swichi ya volti nyuma, maana wao walitumia 220 na sisi ni 240. FM ya redio nyingi za wakati huo huishia megahezi 100, kwa hiyo stesheni za juu ya hapo hutazipata.