Sisimizi wameingia kwenye korosho za biashara, nawatoaje bila kupuliza dawa?

MamaNasra wa Chikongola

Habari zenu wakuu. Niko Mtwara mjini, nyumba ya kupanga, uwani tunachangia. Tangu mvua zishike, sisimizi wamehamia kwangu na virago vyao, na sitanii. Usiku nimewamulika na tochi nikawaona wamebeba mayai meupe, wanateremka kutoka kwenye soketi ya jikoni, wanafuata pembe ya ukuta mpaka chini ya kabati.

Wangeishia kwenye sukari ya chai ningevumilia. Ila mimi nabangua korosho, nakaanga, nyingine za chumvi nyingine za sukari, nafunga kwenye vifuko kwa moto wa mshumaa. Kingo ya kifuko ikibaki na kitundu cha sindano tu, wameshaingia. Kuna mteja wa stendi alinirudishia kifuko bila kusema neno. Alikiinua kwenye mwanga nijionee mwenyewe wanavyotembea ndani.

Jirani ananishauri nipulize dawa ya kopo. Siwezi. Korosho inanyonya harufu, na nina mtoto anatambaa, kila anachookota kinakwenda mdomoni. Mwenye nyumba naye alikuja na salfa iliyobaki shambani akaimwaga kizingitini. Wadudu wakapitia pembeni, aliyepata shida ni mtoto, macho yakawa mekundu siku nzima. Majivu yanasaidia yakiwa makavu, yakilowa ni tope, wanatembea juu yake.

Ni wale wadogo kabisa, rangi ya kahawia iliyofifia, hawaumi. Wanatoka wapi, na nawaondoaje? Naomba kuwasilisha.

Mtani wa Newala

Dada, wadudu wana akili hao, wamejua wapi pana korosho za sukari. Tuma na huku tuhakikishe kama kweli ni tamu kiasi hicho.

Bwana Shamba Mstaafu

Mama Nasra, pole mwanangu. Niko Lindi sasa hivi na kuku wangu, lakini Mtwara nimefanya kazi miaka mingi.

Hao hawakufuata korosho kwanza, wamefuata pakavu. Ardhi ikishiba maji, kiota kinafurika, wanabeba mayai na malkia wao wanapanda juu. Ufa wa ukuta, bomba la nyaya za umeme, nyuma ya fremu ya mlango, huko kote ni pakavu na pana joto. Na huku kusini msimu wa mvua ni mmoja tu, Novemba au Desemba hadi Aprili, kwa hiyo ukisema usubiri zikatike utasubiri sana.

Wakishatulia ndipo wanatuma wa kutafuta chakula. Mmoja akikuta sukari anarudi huku anagusisha tumbo chini, anaacha harufu, wenzake wanaifuata. Ule mstari unaouona ni harufu. Ukifagia unaondoa wadudu, harufu inabaki, baada ya muda wapo palepale. Meza ya kazi na miguu yake pafute kwa maji ya sabuni au siki kila jioni.

Dawa ya kopo inaua walio njiani tu, nao ni sehemu ndogo ya kiota. Malkia yuko ndani anaendelea kutaga. Tena katika hawa wadogo wapo wenye malkia wengi: ukiwapulizia wanagawanyika makundi, ulikuwa na kiota jikoni, sasa unacho na chumbani.

Wewe walishe. Nusu kijiko cha chai cha unga wa boriki (boric acid), vijiko vinane vya chai vya sukari, kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu. Koroga mpaka iyeyuke yote. Chovya pamba, iweke kwenye kizibo cha soda, tega karibu na pale wanapotokea. Usizidishe boriki kwa kudhani utawamaliza haraka. Ikiwa kali, anayekula anafia njiani. Ikiwa dhaifu, anafika nayo nyumbani, analisha watoto na malkia. Mwanzoni watajaa kuliko ulivyozoea. Waache, na mstari unaokwenda kwenye mtego usiufute. Hesabu wiki moja mpaka mbili.

MamaNasra wa Chikongola

Shikamoo mzee, ahsante sana. Boriki naipata wapi, na si sumu kwa mtoto?

Shabiki wa Keram

Uliza duka la dawa. Ule unga mweupe tunaomwaga kwenye ubao wa keram mara nyingi ndio huohuo, ila mwingine ni wanga tu, kwa hiyo usije ukaomba kijiweni ukawa unawapikia uji sisimizi.

Bwana Shamba Mstaafu

Marahaba. Sumu ni sumu, mtoto asiifikie kabisa. Chukua kopo la plastiki lenye mfuniko, weka pamba ndani, toboa matundu madogo ubavuni kwa msumari uliopashwa moto, funga, libane juu ya kabati karibu na soketi. Sisimizi ataingia, mkono wa mtoto hautaingia. Kijiko na kikombe ulichokorogea usivirudishe jikoni. Na kwenye soketi yenyewe usimwage chochote, si maji, si mafuta ya taa. Umeme huo.

Mkulima Tandahimba

Naongezea jambo moja. Je, kuna mkorosho au mwembe umeegemea bati? Tawi likigusa paa ni daraja. Lipunguze.

Ila ukikuta kwenye mti wale wekundu walioshona majani, majimoto, usiwachome. Najua wanavyouma, nimevuna nao maisha yangu yote. Wale hawana haja na nyumba yako, na kwenye mkorosho ndio askari: wanamla yule mbu wa mikorosho anayekausha machipukizi. Huku kuna watu wanaunganisha miti kwa kamba ili majimoto wavuke kutoka mti mmoja kwenda mwingine. Watu wa mjini akiona chochote chenye miguu sita mbio kutafuta mafuta ya taa.

Bibi wa Mikindani

Wajukuu zangu, mbona hamjamwambia habari ya makopo? Miguu ya meza ya korosho iweke ndani ya makopo ya maziwa yenye maji na tone la sabuni. Bila sabuni wale wadogo wanapita juu ya maji kama barabara. Meza isiguse ukuta, wala kitambaa kisining'inie mpaka chini, hata uzi mmoja wanaupanda. Maji yabadilishe kila baada ya siku mbili tatu, usije ukafuga mbu.

Na siafu wakija usiku ni habari nyingine, hao usipigane nao. Toa mtoto, fungua banda la kuku, mama kuku anayeatamia mhamishe, kisha waachie nyumba. Watakula mende na kila kilichojificha, na wenyewe watakwenda zao.

Mtani wa Newala

Bibi kasema kweli. Kwetu siafu walipita jikoni, mende hawakuonekana tena mpaka msimu mwingine. Ila kifaranga tuliyemsahau chini ya tenga alibaki manyoya.

Kijana Masasi

Mimi asubuhi nakuta mabawa mengi chini ya taa na dirishani. Nitumie boriki hiyohiyo?

Mkulima Tandahimba

Hao ni kumbikumbi, yaani mchwa waliopata mabawa. Sukari haiwahusu. Gonga fremu za milango na mbao za dari, ukisikia uwazi ndani tafuta fundi mapema. Walioanguka kwenye beseni kaanga na chumvi.

MamaNasra wa Chikongola

Mrejesho. Boriki nimepata duka la dawa, kopo limekaa juu ya kabati. Mwanzoni walijaa mpaka nikatamani kulitupa, matundu yote meusi kwa wadudu. Sasa wanaoshuka kutoka kwenye soketi ni wa kuhesabu. Meza iko kwenye makopo, vifuko navilaza ndani ya ndoo yenye mfuniko wa kubana. Mwenye nyumba kakubali kuziba ufa wa nyuma ya soketi, kasema fundi anakuja Jumamosi.

Bwana Shamba Mstaafu

Mwambie fundi asubiri. Ukiziba wangali ndani watatafuta tundu la kutokea upande wa pili, na upande wa pili ni chumba unacholala. Mayai waliyoingia nayo bado yanaangua. Pamba ikikauka badilisha, ukikaa wiki nzima bila kumwona hata mmoja, hapo ziba.